Vibanda Vitano vya Dada Mwamina

Shule ya Kati,
Nachingwea,
20 Juni 1957

Dada yangu Mwamina,

Assalam aleikum. Nakuandikia nikiwa mzima, na wa nyumbani kwangu wote wazima, ila mtoto mdogo ana kikohozi kilichokuja na baridi hii, nacho kinapungua. Nataraji nanyi huko Ruangwa mko salama, wewe na shemeji Shehe na watoto, na zaidi mama. Mwaka jana majira kama haya miguu ilimsumbua sana. Kama imeanza tena, nijulishe kwa mtu yeyote anayekuja huku, maana wifi yako Sofia amepata mafuta ya kuchua ambayo yamemsaidia jirani yetu mpaka sasa anakwenda kisimani mwenyewe.

Ufuta wako umefika salama. Sofia aliukaanga siku ileile, akausaga, na nyumba nzima ikanukia kama jikoni kwa mama. Ule mkeka mdogo uliousokomeza ndani ya gunia bila kusema neno tumeuona pia. Mtoto ameukalia, na mtu mwingine akiukalia analia. Ahsante sana, dada.

Habari za huku ni za kawaida. Mji umetulia kuliko ulivyouona ulipokuja. Yale mashamba ya karanga ambayo tulidhani hayana mwisho, mengi yameota vichaka, na watu wa Marambo na Mtua wanapanda mikorosho yao kwa nafasi, bila kelele za matrekta. Shule yetu ina wanafunzi wengi mwaka huu, na mimi bado nafundisha useremala na uchoraji wa maumbo.

Barua hii ni ndefu kuliko zote nilizowahi kukuletea, na sababu yake ni shukrani. Kuna jambo ulilonifanyia mwaka 1950 ambalo sikukushukuru inavyostahili. Kadiri miaka inavyokwenda naona kwamba kazi yangu, nyumba yangu, hata Sofia niliyempata kwa kuwa nilikuwa na kazi hii, vyote vimesimama juu ya jambo hilo. Niruhusu nilieleze tangu mwanzo, maana wewe uliliona upande mmoja tu.

Utakumbuka kwamba wakati ule nilikuwa mwanagenzi katika karakana ya useremala ya Mradi wa Karanga. Tulikuwa wanagenzi kumi na wanane. Mzungu aliyetusimamia katika michoro aliitwa Bwana Pickersgill, nasi tulimwita Bwana Piki. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyepoteza meno yake vitani. Alituambia kwamba alipokuwa mfungwa wa vita, kilichomzuia asipate wazimu ni kukata maboksi ya chakula na kuyaunganisha kuwa maumbo yenye nyuso nyingi: lenye nyuso sita kama kete, lenye nyuso nane, lenye nyuso kumi na mbili, kila uso na pembe tano. Ofisi yake ilijaa maumbo hayo, na mengine yalikuwa mawili au matatu yaliyopitiana, kana kwamba moja limemmeza mwenzake likashindwa kummaliza.

Mwezi wa Juni akatuambia kwamba nafasi moja imepatikana katika chuo cha ufundi, na kwamba yeye ameombwa amchague mtu. Akabandika mchoro ukutani. Ulikuwa mchoro wa piramidi tano, kila moja ya vijiti sita vilivyo sawa, zote zimepitiana na zina kitovu kimoja. Alitaka kila piramidi iwe nzima na huru, isigundishwe wala kupigiliwa kwenye nyingine, na bado zote zishindwe kuachana. Akasema hataki mwenye mkono mwepesi, anataka mtu atakayeiona njia. Akatupa wiki tano.

Dada, nilihangaika. Vijiti thelathini vya mwanzi nilivichonga vizuri, hilo nililiweza. Lakini nikikamilisha piramidi mbili, ya tatu haikupata pa kupita. Nikilazimisha, kijiti kinavunjika. Wenzangu nao vivyo hivyo, na wengine waliacha kabisa. Idi ya mfungo ilipokaribia nilivifunga vijiti vyangu na nakala ya mchoro ndani ya kanga kuukuu, nikapanda lori la mbao, nikaja nyumbani Ruangwa nikiwa nimekwisha kukata tamaa.

Wewe ulikuwa umerudi kwa wazazi kujifungua Mwanaheri, bado uko ndani ya arobaini. Siku ya pili ya Idi ulinikuta nimekaa barazani na vile vijiti, ukaniuliza nasuka nini. Nilikujibu vibaya. Nilisema hii si kazi ya kusuka, ni hesabu za chuo. Hukukasirika. Ulimweka mtoto kwenye mkeka, ukakaa, ukautazama mchoro kwa muda mrefu huku umeupindua juu chini. Kisha ukasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: “Abdulatifu, wewe unataka kujenga. Hivi si vya kujengwa, ni vya kusukwa.”

Ukaanza kwa kuvipaka rangi. Ulichukua rangi zako za ukili, nyekundu, nyeusi, manjano na kijani, na vijiti sita ukaviacha vyeupe. Ulisema bila rangi jicho linapotea, halijui nani ni nani. Hukuviita piramidi, uliviita vibanda, kwa kuwa vilifanana na miti mitatu inayofungwa pamoja kileleni na wanaolinda mashamba dhidi ya nguruwe. Kibanda cheupe ulikifunga kwanza, pembe zote nne. Cha pili ulikipitisha ndani ya cha kwanza kijiti kimojakimoja, ukaacha pembe wazi mpaka vijiti vyote vikae mahali pake, ndipo ukafunga. Mimi nilikuwa nikifunga kibanda kizima kwanza, halafu nashangaa kwa nini hakiingii.

Siku ya kwanza ulifika vibanda vitatu ukafumua vyote. Siku ya pili ulifika vinne. Mama alikuja akasema kwa Kimwera kwamba mzazi hapaswi kujichosha kwa michezo ya watoto, nawe ukamjibu kwamba mikono yako haijazaa, aiache ifanye kazi. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, uliniita. Uliniambia umeiona kanuni. Kila kibanda kina pembe nne, na kina majirani wanne. Kila pembe lazima imtembelee jirani mmoja, ichomoze katikati kabisa ya dirisha lake, ule uwazi kati ya vijiti vitatu, na isiende kwa jirani ambaye pembe nyingine imekwisha kumtembelea. Ukifuata hilo, ulisema, kibanda cha tano hakitafuti nafasi, nafasi inakisubiri.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ulipofunga pembe ya mwisho uliinyanyua kazi yote kwa vidole viwili, ikaning'inia bila gundi, bila msumari, vibanda vitano vimeshikana na hakuna kilichofungwa kwa mwenzake. Ukanionyesha njia ya kukagua. Ncha zote ni ishirini. Ukizitazama tano tano, kama pembe tano za uso mmoja wa lile umbo la nyuso kumi na mbili, lazima ukutane na rangi zote tano, kila moja mara moja. Tulizunguka pamoja nyuso zote kumi na mbili, na hakuna rangi iliyojirudia. Tena ukasema, “Angalia, rangi hazifuatani kwa mpango mmoja hata katika nyuso mbili.” Nilihesabu nikaona ni kweli. Baadaye chuoni nilifundishwa jambo hilohilo na mwalimu aliyejaza ubao mzima kwa chaki.

Ulinifundisha kuifanya mwenyewe pia, kwa vijiti vya muhogo, mpaka nikaweza. Hilo nalo nakushukuru, dada, maana ungeweza kunipa tu ukaenda zako.

Sasa nafika mahali pagumu. Karani Halfani, wewe unayewasomea watu wetu barua zao kila Ijumaa, nakuomba sehemu hii uisome polepole wala usiruke neno. Nimefikiri kuja kumwambia dada faraghani, chumbani, sisi wawili. Lakini nilisifiwa hadharani, kwa hiyo si haki nikiri mafichoni. Kama shemeji Shehe yupo, na mama yupo, na wale waliokula karamu yangu wapo, nawaomba wakae wasikie.

Dada, nilipokuja mwezi wa Septemba ule kuwaambia kwamba nimechaguliwa, uliniuliza vibanda vyako viko wapi. Nilikujibu kwamba vilipondwa njiani, gunia la chumvi liliviangukia ndani ya lori, na kwamba nilichaguliwa kwa sababu ya meza niliyotengeneza. Hukulalamika. Uliniuliza tu kama ni pembe ya kibanda cheupe iliyoachia kwanza, kwa kuwa uliifunga kwa haraka mtoto akilia. Nikasema ndiyo. Nilikuacha uamini kwamba fundo lako ndilo lililolegea.

Haikuwa kweli. Vibanda vyako vilifika Nachingwea bila mkwaruzo. Niliviweka mbele ya Bwana Piki na kusema ni kazi yangu.

Akavitazama asubuhi nzima. Kisha akasema ataita wenzake wawili, na kwamba nitafanya vingine mbele yao. Nilipewa vijiti thelathini na nusu ya siku. Nilikaa nikafanya kama ulivyonifundisha, na nikamaliza. Wakaviweka vyote juu ya meza, vyako na vyangu, wakaanza kuvilinganisha, na hapo nikaona nyuso zao zimebadilika. Havikulingana. Ncha ishirini zilikaa palepale, hata ungevifunika kwa kitambaa usingejua kipi ni kipi. Lakini vijiti vyako vilizunguka kuelekea kushoto, na vyangu kulia. Ukivigeuza utakavyo, havifanani, kama kiatu cha kulia kisivyoweza kuwa cha kushoto.

Nilijua sababu papo hapo. Kibanda cha pili kinaweza kuingia kwa njia mbili tu, na ukikwisha kuchagua, vingine vyote vinafuata. Wewe unasuka kwa kushoto. Bibi alijaribu kukukomesha, akakufunga mkono kwa kitambaa ulipokuwa mdogo, ukajifunza kula kwa kulia, lakini kusuka hukuacha. Mimi ni wa kulia. Mikono miwili tofauti ilikuwa juu ya meza ile, na Bwana Piki akaniuliza kwa nini mtu mmoja afanye hivi mara moja na vile mara ya pili.

Dada, hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Ningesema, “Hivi vya kwanza ni vya dada yangu.” Badala yake nilisema nilifanya kwa makusudi, ili waone kwamba umbo hili liko la namna mbili, la kushoto na la kulia. Bwana Piki alisimama akanipa mkono. Alisema kwamba katika watu wote aliowafundisha, hakuna aliyewahi kuliona hilo bila kuambiwa. Nafasi ikawa yangu saa ileile.

Marehemu baba alichinja mbuzi. Mnakumbuka alivyosimama mbele ya watu akasema mikono ya mwanawe imelitoa jina lake Ruangwa na kulifikisha mbali. Wewe ndiye uliyepika pilau ya siku ile, na Mwanaheri mgongoni. Ulinipakulia sahani ya kwanza kabla ya wageni. Baba amefariki akiamini aliyoyasema, na hilo sina namna ya kulirekebisha ila kumwombea.

Mradi ulipokufa, Bwana Piki alirudi kwao. Kazi zile mbili aliiachia shule hii, na nilipomaliza chuo na kupewa kazi hapa nilizikuta kabatini, nyuma ya kioo, na kadi yenye jina langu. Kila mwaka nimezitoa kuwafundishia wanafunzi. Kila mwaka nimeeleza habari ya kulia na kushoto, na wanafunzi wamenishangilia.

Mwezi wa Februari amekuja mwalimu mpya, Serafina, anayefundisha ufumaji na ususi katika klabu ya akina mama hapa mjini. Aliomba kuyaona maumbo yale. Alivishika vyako, akavisogeza karibu na macho, akatazama mafundo. Halafu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma maandishi, kwamba fundo hili si la seremala, ni la mtu anayeanzia mkeka, tena amefunga kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza mwanamke huyo ni nani.

Nilikuwa na jibu la uongo tayari mdomoni. Limekaa hapo miaka saba. Lakini alikuwa ameuliza jina lako bila kukujua, na nikaona siwezi kumnyima. Nikasema, “Ni dada yangu. Anaitwa Mwamina.” Kisha nikakaa chini, nikamweleza yote.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Eustace. Nilimwambia nikijua naweza kupoteza kazi. Akasema cheti changu nilikipata kwa miaka mitatu ya masomo na hakuna atakayeniondolea, lakini akaniuliza kama niko tayari kusimama mbele ya shule nzima niseme nilichomwambia. Nilisimama siku ya Jumatatu. Wapo walioguna, na wapo ambao mpaka sasa hawanisalimu kama zamani. Sikulala vizuri wiki ile, lakini tangu hapo nalala.

Nilimwandikia pia Bwana Piki, huko Uingereza. Jibu lake limefika wiki iliyopita, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Anasema siku ile naye aliona mafundo hayafanani, lakini jibu langu lilimpendeza kupita kiasi hata hakutaka kuuliza zaidi, kwa hiyo kosa hilo tuligawane. Anasema amekaa na umbo lile tangu kifungoni na hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kusukwa. Anakusalimu kwa heshima, na anauliza kama umewahi kufanya mengine.

Kadi ya kabatini nimeibadilisha kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye kazi ya kushoto imeandikwa: Mwamina binti Abdalah, Ruangwa, 1950. Kwenye ya kulia: Abdulatifu bin Abdalah, alifundishwa na dada yake. Mama atanisamehe kwa kutaja jina la baba mara mbili kwenye kabati la shule, lakini naona sasa limekaa vizuri kuliko lilivyokuwa.

Bwana Eustace na Mwalimu Serafina wanakuomba, kama wewe na shemeji mtakubali, uje baada ya mavuno uwaonyeshe akina mama wa klabu namna ya kusuka vibanda vile. Utakaa kwetu, na Mwanaheri aje nawe. Usipotaka kuja, hakuna atakayekulaumu, na mimi wa mwisho. Vibanda ni vyako. Ukivitaka nyumbani nitavileta mwenyewe kwa mikono, nimevikalisha mapajani njia nzima.

Sikuombi useme umenisamehe kwa kuwa barua inasomwa mbele ya watu. Jibu utakalo, wakati utakao. Nitakuja Ruangwa kwa Idi ya kuchinja, wiki mbili tatu zijazo, na nitakaa mahali utakaponiweka. Kuna neno moja tu ninalotamani kulisikia kutoka kwako. Miaka yote hii nimewafundisha watu jinsi umbo lile linavyokaa, kwa maneno yako, na sijawahi hata siku moja kukuuliza ulikuwa unaona nini ulipoutazama ule mchoro juu chini.

Mfikishie mama shikamoo yangu na umbusu mikono kwa niaba yangu. Msalimu shemeji Shehe, msalimu Mwanaheri na wadogo zake, na majirani wote wanaoniuliza. Sofia anakusalimu sana na anasema chungu cha pilau safari hii ni chake, wewe utakaa upakuliwe. Karani Halfani, ahsante kwa sauti yako.

Mwenyezi Mungu akuweke, dada yangu, nami nina shukrani zisizo na kipimo.

Ni mimi mdogo wako,
Abdulatifu